Mkia wa Herufi Tano

Kiingereza changu, siku nilipoajiriwa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya Ndia Kuu, Mombasa, kilikuwa cha kuombea maji. Ilikuwa miaka ile ambayo reli imekwisha kufika bara na kule Kilindini maghala ya mabati yameanza kuota moja baada ya jingine. Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani kwa khati ya Kiarabu kama vijana wote wa Mji wa Kale. Herufi za Kizungu nilijifunza baadaye, kwa mwalimu mmoja wa misheni ng'ambo ya Kisauni, kwa kificho, maana babangu aliamini nikivuka mara tatu nitarudi nimebatizwa. Sikubatizwa. Nilirudi na macho tu, macho ya kutambua herufi hata ikigeuzwa kushoto kulia, na mpangaji wa chapa hahitaji zaidi ya hayo.

Kiwandani tulikuwa watu watatu. Mwenye mali alikuwa Mhindi aliyekuja na mtambo wake kutoka Bombay. Mwenzangu alikuwa Mkristo aliyelelewa misheni, mtu wa bara kwa asili yake. Yeye alivuta mpini wa mtambo na kupaka wino, na Kiingereza alikijua barabara. Mimi nilipanga. Herufi ndogo zilikuwa za risasi, nazo zilikuwa nyingi kama mtama. Zile kubwa za vichwa vya matangazo zilikuwa za mbao, sanduku moja tu, kila herufi tatu tatu. Ila O zilikuwa mbili, na moja ya hizo ilikuwa imepasuka katikati, ikichapwa huacha mstari mweupe.

Sasa, maneno makubwa ya Wazungu yana tabia yake. Serikali ilete tangazo, reli ilete, daktari wa ndui alete, neno la juu litakuwa refu, na mara nyingi litamalizika kwa herufi zile zile tano: A, T, I, O, N. VACCINATION, FUMIGATION, ADMINISTRATION. Mwenye kiwanda alichoka kuona tunazitafuta moja moja, akazifunga tano hizo kwa uzi wa pamba na kuziweka pembeni mwa sanduku, zikae tayari. Tuliziita mkia. Likija neno, mimi napanga kichwa na kiwiliwili, kisha nachomeka mkia.

Nilizipenda herufi zile tano kuliko inavyompasa mtu mzima. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila neno refu lenye mkia lililopita mikononi mwangu, na yalizidi sabini. Maana ya mengi sikuijua. Nilijua tu kwamba TRANSPORTATION linataka O mbili, kwa hivyo lazima ile O mbovu itumike, na kwamba ADMINISTRATION linameza I zote tatu. Mwenzangu alinicheka.

"Wewe wakusanya mikia," aliniambia. "Nyama twala sisi tunaojua maana."

Nilimjibu kwamba nyama bila mkia haijulikani ni ya mnyama gani. Nilikuwa na ulimi, wakati huo, na kichwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupanga.

Kulikuwa na sheria moja kiwandani, nayo mwenye mali aliikariri kila wiki kwa Kiswahili chake: kazi iliyofungwa ndani ya fremu ya chuma haiguswi mpaka nakala ya mwisho itoke. Mwenzangu aliigeuza kuwa msemo. Mkia haukatwi mnyama akiwa hai.

Ikaja kazi ya ardhi. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mwenye kiwanja au shamba kisiwani aende na hati zake na mashahidi wake, aandikishwe kabla ya siku fulani. Kisichoandikishwa kingehesabiwa hakina mwenyewe, yaani ni cha serikali. Tangazo lilikuwa na neno REGISTRATION juu, kubwa, na chini yake maelezo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kizungu, mistari midogo midogo iliyonichukua siku nzima na nusu kuipanga. Zilitakiwa nakala hamsini. Alhamisi tulichapa ishirini, karatasi ikatuishia. Nyingine ilikuwa bado iko forodhani. Ijumaa tulifunga. Mwenye kiwanda alikuwa Unguja kwenye harusi ya mpwa wake, na funguo aliniachia mimi.

Jumamosi asubuhi mwenzangu alikwenda forodhani kufuata karatasi. Nyuma yake akaingia Mzungu mmoja wa klabu, na jasho lake na haraka yake. Walikuwa na karamu yao, na mashindano ya kupiga makasia, na alitaka matangazo kumi na mawili siku ile ile, karatasi nyekundu na wino mweusi, na karatasi hiyo aliileta mwenyewe. Aliniandikia neno la juu: CELEBRATION.

Moyo wangu uliruka. Neno lilikuwa jipya, halikuwamo daftarini. Na mkia ulikuwa umefungwa ndani ya fremu, kwenye tangazo la ardhi.

Ningeweza kutumia O iliyopasuka. Nilihesabu palepale na herufi nyingine zote zilitosha, A ipo, T ipo, I ipo, N ipo, R moja imebaki na E mbili. Nasema haya ili asitokee mtu wa kunihurumia. Tangazo la karamu lingetoka na mstari mweupe katikati ya O, na nani angekufa? Lakini yule Mzungu alikuwa amesimama ananitazama, na mimi nilitaka aseme kazi ya mwenyeji wa Mombasa ni safi. Nikachukua nyundo, nikalegeza kabari za fremu, nikauinua mkia.

Mistari midogo ya chini ilikuwa imesimama kwa kubanwa tu. Kabari zilipolegea, ilisita kidogo, kisha ikalala. Kiswahili chote cha tangazo la ardhi, siku nzima na nusu ya kazi yangu, kikamwagika juu ya meza. Nilizizoa herufi kwa viganja vyote viwili nikazitia kwenye sinia, nikafunika kitambaa, nikaendelea na karamu. Kazi ilitoka nzuri sana. Mzungu alisema hivyo.

Mwenzangu aliporudi na karatasi begani alitazama fremu tupu, akafunua kitambaa, akakifunika tena.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, "lakini herufi zazoleka. Keti. Nisomee, mimi nitakutafutia, tutamaliza Jumatatu."

Nilimwambia sihitaji mtu wa kunisaidia kupanga, kwamba nitaipanga mwenyewe Jumatatu, na asiniambie mimi kazi yangu. Akaenda kuosha mikono.

Jumatatu, kabla sijafunua sinia, tarishi wa serikali alikuwa mlangoni na ndoo yake ya uji wa ngano wa kubandikia. Aliona bunda la nakala limefungwa kwa kamba juu ya rafu, zile ishirini.

"Ndizo zote?"

"Ndizo," nilisema.

Neno moja. Angekuwa mtu wa kuhesabu, angehesabu, lakini alikuwa na jua la kushindana nalo. Mwenzangu alikuwa ameshika mpini wa mtambo. Alinitazama mpaka tarishi alipotoka, kisha akasema, "Mkimbilie." Sikumkimbilia. Kumkimbilia ni kumwambia nimekosea, na yeye angewaambia makarani, na makarani wangemwambia mwenye kiwanda, na Ndia Kuu nzima ingecheka. Mpangaji hodari, kamwaga kazi nzima kwa ajili ya karamu ya Wazungu! Niliogopa kazi yangu, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kuchekwa.

Ishirini zile zilibandikwa Ndia Kuu, kwenye kuta za karibu na misikiti, forodhani na mahakamani. Zilikwisha kabla tarishi hajafika upande wa pili wa kisiwa, na zile thelathini zilizobaki hazikuchapwa kamwe.

Mtu wa leo atasema habari husambaa kwa midomo, karatasi ya nini? Lakini sisi tulikuwa na desturi yetu. Kabla ya karatasi kulikuwa na mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ilipigwa mtaa kwa mtaa, na mtaa ambao haukupigiwa ulijua jambo lile si lake. Zilipokuja karatasi za kubandikwa, watu walizichukua vivyo hivyo. Huko Liwatoni, kwenye minazi na nyumba za udongo, walisikia kwamba wenye majumba ya mawe wanaandikishwa, wakasema shauri lao, kwetu haikubandikwa.

Na Liwatoni ndiko alikokaa mamangu mdogo.

Alikuwa ndugu wa mamangu, mjane, hakujaaliwa mtoto, na mimi alinilea tangu mamangu alipofariki nikiwa sijaanza chuo. Mumewe alimwachia nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, kisima, na minazi kumi na saba ambayo aliijua mmoja mmoja. Hati alikuwa nayo, ya kadhi, imekunjwa ndani ya kasha chini ya kanga zake. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwa miguu kumwamkia, huku Wazungu wakinipita kwenye vigari vyao vya reli vinavyosukumwa na watu, nami nikala kwake wali wa nazi na samaki. Alisoma Kurani vizuri, lakini herufi za Kizungu kwake zilikuwa vijiti. Hata hivyo alikuwa akiniuliza kila mara, "Lini utaniletea kazi ya mkono wako niione?"

Ijumaa ya kwanza baada ya tukio lile nilimpelekea. Tangazo moja la karamu lilibaki, jekundu, na O safi isiyo na mstari. Alilishika kwa ncha za vidole asilichafue.

Ijumaa ya pili nikalikuta limebandikwa mlangoni kwa uji wa unga.

"Nalikwenda arusini Ndia Kuu," alinieleza, huku ananitilia maji ya kunawa. "Nikaona ukutani ile karatasi ya serikali, watu wameizunguka. Nikaitazama sana. Vijiti vitano vya mwisho vya juu ni sawasawa na vya hini yangu. Mwisho wao ni mmoya. Habari ni moya, mwanangu?"

Alikuwa ameona kweli. Herufi zile zilikuwa zile zile, si mfano wake. Mbao zile zile tano zilizofungwa na uzi mmoja. Wanawake waliosoma Kurani wana macho.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Hapana, mama, hii ni ya ngoma za Wazungu, ile ni ya ardhi, toa hati kashani, kesho nakuja na mashahidi wawili. Ingechukua muda wa kunawa mkono mmoja. Lakini angeuliza mbona kwetu Liwatoni haikubandikwa, na angeuliza kwa jirani, na jirani angeuliza kwa tarishi. Nikasema:

"Zote zatoka mahali pamoja, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi n'mefanya vyema kuiweka mlangoni. Wajue na huku imefika."

Nikala wali wake. Nilijiambia nitampeleka mimi mwenyewe, kimya kimya, wiki ya mwisho, nikisema ni utaratibu tu. Niliendelea kujiambia hivyo kwa Ijumaa tano. Siku ya mwisho ya kuandikisha ilikuwa Jumatano. Mwenye kiwanda alikuwa amerudi na kazi zilikuwa nyingi. Sikuugua wiki ile, sikufiwa, wala mvua haikunizuia. Nilikuwa napanga herufi, na siku ikapita.

Baadaye nilijua kwamba jirani yake mvuvi, aliyesikia mambo sokoni na kuona bora aende, alimpitia siku mbili kabla ili wafuatane. Mamangu mdogo alimjibu kwamba yeye hana haja ya kusumbuka, yake imekwisha kubandikwa na mwanawe anayefanya kazi huko huko. Mvuvi yule aliandikishwa. Kiwanja chake kipo hadi leo, na nikipita mbele yake hugeuza uso.

Ulipita karibu mwaka kabla watu wa serikali hawajaja. Walipima kutoka upande wa bandari, wakapigilia vigingi, na kigingi kimoja kikaingia kati ya kisima na mlango. Mamangu mdogo alimtuma mtu kuniita kiwandani. Nilipofika nilikuta karani mmoja, askari wawili, na mamangu mdogo amesimama kizingitini na buibui lake, mkono umeegemea karatasi ile. Jua lilikuwa limeifanya ya rangi ya chungwa, lakini neno lilisomeka vizuri.

"Hini hapa yangu," alikuwa akiwaambia. "Imebandikwa siku zile zile."

Karani aliisoma, akawaeleza askari, wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nafikiri. Ilikuwa inachekesha: bibi mzee anatetea shamba lake kwa mwaliko wa mashindano ya makasia.

Akanigeukia.

"Mwanangu, waambie. Si ile hini?"

Nilikuwa natazama kisima. "Si ile, mama," nilisema.

Nilimsikia anavuta pumzi. Nilingoja aniulize, na wallahi angeniuliza ningesema yote mbele ya karani na askari wake. Hakuniuliza. Alikwangua karatasi mlangoni kwa kucha, polepole, ikatoka vipande vipande, akavikunja ndani ya pindo la kanga. Kisha akawaambia wale watu wangoje kidogo awapikie kahawa.

Kasha lile na hati yake nilivibeba mimi. Tulimpa chumba cha chini nyumbani kwetu Mji wa Kale, chumba kisicho na dirisha la kutazama chochote isipokuwa ukuta wa jirani. Kwa minazi walimlipa kitu kidogo, kwa ardhi hawakumlipa kitu, kwa kuwa haikuwa yake. Na mwezi haukwisha, ikaletwa kiwandani kazi ya kuchapa mabango ya kuweka kwenye vigingi, neno la juu RESERVATION, yaani ardhi iliyotengwa. Mwenye kiwanda aliniita mimi. Nilipanga kichwa, nikapanga kiwiliwili, nikachomeka mkia. Mwenzangu alipaka wino bila kuniangalia. Neno lile sikuliandika daftarini, na daftari lenyewe nililitia motoni wiki ile ile, jambo ambalo halikumsaidia mtu.

Alikaa nasi miaka minne. Nilimhudumia, nilimnunulia tambuu, nilimsomea magazeti, nikajiona nalipa. Mara mbili au tatu nilikwenda mpaka mlango wa chumba chake nikiwa nimeyapanga maneno yote, na kila mara alinitangulia kwa kunikaribisha, "Ndoo, mwanangu, keti," na nikaketi, tukazungumza habari za bei ya samaki.

Siku moja nilikuwa ngazini, wanawake wa mtaa wamekuja kumtembelea, nikamsikia mmoja akimuuliza ilikuwaje akapoteza shamba zima hali ana kijana kwenye kiwanda cha chapa, wanakotoka matangazo yenyewe. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya kuchokonoa.

"Aa, musimlaumu mwanangu," mamangu mdogo alijibu. "Alinambia mapema. Alikuja akanisomea neno kwa neno, akanambia mama twende. Ni mimi n'liyepuuza. Uzee na kitwa kigumu."

Nilisimama ngazini na mkate mkononi. Nilielewa wakati ule kwamba alijua. Kiasi gani, sijui. Labda alijua tangu pale kizingitini, kwa kutazama tu nilivyokuwa nakitazama kisima. Alikuwa ameona niliogopa kuchekwa, akaamua achekwe yeye. Ningeweza kuingia nikasema mama anasema uongo. Nilishuka kimya kimya, nikazunguka mtaa mara moja, kisha nikarudi kwa kishindo ili wasikie nafika.

Hadithi yake ilienea, kama hadithi zote za Mji wa Kale. Kufika msimu uliofuata nilikuwa kijana mwema aliyemwonya mamaye, na watu waliwapa watoto wao mfano wangu.

Alifariki katika mfungo wa Ramadhani, alfajiri, baada ya daku. Siku ya hitima tuliketi barazani, wanaume wa mtaa wote, na mwenzangu wa kiwandani pia alikuja na kuketi mwishoni, kofia mapajani. Mzee mmoja wa msikitini, mtu niliyemheshimu sana, alinishika goti na kusema kwa sauti ya kusikika:

"Haki yake ulimtimizia. Na lile shamba ulimwonya, maskini, mwenyewe hakusikia."

Baraza nzima ilinitazama kwa huruma. Mwenzangu aliinua uso, akangoja.

"Ndivyo," nilisema.

Kikombe cha kahawa kilikuwa kimenifikia. Nikakipokea, nikanywa, nikampa aliyeketi kando yangu.